Mwana wa Mchungaji na Mwangaza wa Kinini: Maisha ya George Gabriel Stokes (1819–1903)

Mara hii zamu ya kuandika maisha ya mtu mkubwa wa zamani imetufikia sisi wa mwaka wa sita. Katika kamati yetu wengine walitaka askari, wengine walitaka mfalme. Sisi tukachagua mtu ambaye ninyi wote mnaofuata kozi ya fizike mnalijua jina lake, lakini yeye mwenyewe hamumjui. Ni Stokes, yule wa kanuni ya tufe dogo linaloanguka ndani ya mafuta. Lakini hatukumfikia kwa njia ya ile kanuni, na inafaa tueleze kwanza namna gani tulimfikia.

Mwaka jana mmoja kati yetu wa internati alifiwa na baba yake mdogo. Alikuwa na uvimbe ndani ya ubongo. Jamaa walichanga feza, wakauza hata shamba, wakamvukisha mpaka, akapasuliwa katika inchi nyingine. Alirudi anatembea, anasema vizuri, na watu wote wa kwao wakafurahi. Kisha nyuma ya miezi michache ule uvimbe ukaota tena, palepale. Mwenzetu alipotoka kwenye kilio alirudi masomoni na ulizo moja tu: ule munganga aliyefungua kichwa na kuuona uvimbe kwa macho yake, sababu gani hakuutoa wote? Na lile halikuwa ulizo la masomo tu. Kule nyumbani jamaa wengine walikwisha kuanza kutaja majina ya watu. Walisema uvimbe uliotolewa hauwezi kurudi wenyewe, lazima kuna mtu aliyeurudisha. Mnajua wenyewe mambo ya namna hiyo yanaishia wapi.

Tulipeleka ulizo kwa profesa wetu wa fizike. Yeye hakujibu ile siku. Juma lililofuata alikuja darasani na vitu vitatu: kibonge cha kinini, nusu ya ndimu, na ile taa ndogo ya mwangaza wa urujuani wanayotumia wabadilishaji wa feza pale Nyawera kwa kupima kama dola ni za kweli. Akatufungisha madirisha. Akasaga kinini ndani ya kopo la maji, akakamua ndimu, akaacha takataka zitue chini. Yale maji yalikuwa maji tu. Kisha akawasha ile taa kando ya kopo, na maji yakawaka rangi ya buluu, kama vile mtu ameficha mwezi ndani. Darasa lote lilipiga kelele mpaka Prefe akaja kuangalia. Alipoona, naye akaomba taa ajaribu.

Basi mtu wa kwanza aliyefahamu sababu ya ile buluu njo Stokes. Na ile buluu njo mwanzo wa njia ya kumjibu mwenzetu.

George Gabriel Stokes alizaliwa tarehe 13 Agosti 1819 katika kijiji cha Skreen, jimbo la Sligo, upande wa magharibi wa kisiwa cha Ireland. Baba yake, Gabriel Stokes, alikuwa mchungaji wa kanisa la Kiprotestanti la pale, na mama yake, Elizabeth Haughton, alikuwa binti wa mchungaji. Yeye alikuwa kitinda mimba, na ndugu zake wakubwa watatu wote wakawa watumishi wa kanisa. Sisi watoto wa wachungaji tulioko internati (tuko wengi, hesabuni) tunajua vizuri nyumba ya namna ile: vitabu viko, heshima iko, feza haiko. Mtoto alifundishwa nyumbani, na hesabu alifundishwa na karani wa parokia ya baba yake. Inasimuliwa kwamba alipokuwa anaoga katika bahari ya Sligo wimbi kubwa lilikaribia kumbeba, na tangu siku ile akaanza kutazama mawimbi kwa akili. Wale wanaoogelea pale Nguba bila ruhusa wasifikiri tunawatafutia udhuru.

Alipokuwa na miaka 13 alipelekwa Dublin, akakaa kwa ndugu wa baba yake, kwa sababu jamaa haikuwa na feza ya kumlipia internati. Mwaka wa 1834 baba yake akafa. Kisha alisoma miaka miwili Bristol katika Uingereza, na mwaka wa 1837 akaingia chuo kikuu cha Cambridge, katika koleji inayoitwa Pembroke. Mwaka wa 1841 katika mtihani wa mwisho wa matematiki alikuwa wa kwanza mbele ya wenzake wote. Koleji ikamshika palepale, na mwaka wa 1849, alipokuwa na miaka 30, akawekwa katika kiti cha ualimu wa matematiki kilekile ambacho Isaac Newton alikuwa amekikalia. Alikikalia mpaka kufa, zaidi ya miaka hamsini. Mshahara wake ulikuwa mdogo hata ikamlazimu kufundisha pia London katika shule ya mambo ya migodi. Waalimu wetu wakisoma hapa watacheka, au hawatacheka.

Kazi zake za kwanza zilikuwa juu ya maji na hewa: namna vinavyotiririka, namna vinavyozuia kitu kinachopita ndani yake. Mwaka wa 1851 njo alipotoa ile kanuni mnayoijua. Watu wengi wanafikiri ni kanuni ya kuwasumbua wanafunzi. Kumbe ndani yake kuna jibu la jambo tunaloliona kila asubuhi juu ya ziwa: sababu gani mawingu hayaanguki, na hali ni maji. Matone yake ni madogo sana, na kadiri tone linavyopungua, hewa inalizuia zaidi, hata linashuka polepole kupita macho kuona.

Lakini tuache mafuta na mawingu, tuje kwenye kinini.

Kinini kinatoka katika ganda la mti wa kinkina. Mti huo ni wa milima ya Amerika ya Kusini, na mwaka wa 1820 wanashimi wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, walifaulu kutoa ile dawa yenyewe katika ganda. Sisi wa Bukavu hatuhitaji kufundishwa kinkina ni nini. Wabelgiji waliileta miti hiyo katika milima yetu ya Kivu, wazee wetu wengi walifanya kazi ya kubandua maganda, na jina la kiwanda cha Pharmakina linajulikana hapa hata kwa watoto wadogo. Malaria yenyewe pia inajulikana, hatusemi zaidi.

Mwaka wa 1845 mwanachuoni wa nyota, John Herschel, aliandika kwamba maji yenye kinini, yakiwekwa penye mwangaza wa jua, yanaonyesha utando mwembamba wa rangi ya buluu upande ule jua linapoingilia tu. Zaidi ndani, hakuna kitu. Na ule mwangaza ukiisha kupita katika kopo moja la kinini, hauwezi tena kutoa buluu katika kopo la pili. Ni ajabu, kwa maana kwa macho mwangaza unaonekana ni uleule. Ni kitu gani kilichopotea njiani?

Stokes alilishika lile ulizo miaka michache nyuma yake. Vyombo vyake havikuwa vya bei kali. Alitia giza chumba, akaacha mshale mmoja wa jua uingie katika tundu, akaupitisha katika kioo cha pembe tatu kinachogawanya rangi: nyekundu, manjano, kijani, buluu, urujuani. Kisha akachukua chupa nyembamba yenye maji ya kinini, akaanza kuisogeza polepole kutoka rangi moja kwenda nyingine. Katika nyekundu, hakuna kitu, kinini kilikuwa kama maji ya kisima. Katika manjano na kijani, hakuna. Alipofika karibu na mwisho wa urujuani, chupa ikaanza kuwaka buluu. Akaisogeza mbele zaidi, nje kabisa ya rangi, mahali ambapo jicho linaona giza tupu. Na pale katika giza chupa iliendelea kuwaka!

Wasomaji wapenzi, hebu simameni hapa kidogo. Kuna mishale ya jua ambayo macho yetu hayaioni, leo tunaiita ultravioleti. Watu walijua tangu mwaka wa 1801 kwamba iko, kwa sababu inachoma dawa za feza za kutolea picha. Lakini Stokes aliona kwamba kinini kinaumeza huo mwangaza usioonekana na kuutoa tena ukiwa umegeuka rangi inayoonekana. Tangu Newton watu walishika kwamba mshale wa mwangaza ukiisha kutengwa hauwezi kugeuza rangi yake. Stokes mwenyewe, aliyekalia kiti cha Newton, alijaribu kwanza njia zote za kuikwepa hii fikiri, na haikukwepeka. Akaona tena kwamba mageuzi yanakwenda upande mmoja: mwangaza unaotoka una nguvu ndogo kuliko ule ulioingia. Ni kama noti inayopita mkononi mwa mtu sokoni. Inaingia elfu moja, inatoka mia nane, haitoki elfu moja na mia mbili. Ile tofauti mpaka leo inachukua jina lake.

Mwaka wa 1852 alitoa andiko refu la zaidi ya kurasa mia moja. Hakuwa amejaribu kinini tu. Alijaribu majani mabichi, maganda ya miti, mafuta, karatasi, na mawe. Na kwa sababu kulikuwa na jiwe fulani, fluorspari, linaloonyesha jambo lilelile, akaliita jambo hilo fluoresensi. Hakulipa jina lake mwenyewe, alilipa jina la jiwe. Nyuma yake alivumbua pia kwamba ukitia aina fulani za chumvi na asidi katika kinini mwangaza unazimika. Sisi tulihakikisha hilo bila kutaka. Mmoja wetu wa mwaka wa tano alitia chumvi ya jikoni ndani ya kopo kwa utundu, na buluu ikafifia mbele ya macho yetu. Tulimkasirikia, kisha profesa akatuambia kwamba ametufanyia kazi ya Stokes ya mwaka wa 1869.

Sasa tuseme juu ya mtu mwenyewe, maana tusipofanya hivyo mtafikiri alikuwa kopo na taa tu. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka wa 1857 alichumbia Mary Susanna Robinson, binti wa mwanachuoni wa nyota wa Armagh katika Ireland. Stokes alikuwa na miaka 37, na barua alizomwandikia yule binti si za kufundisha vijana. Alimweleza namna alivyokesha mpaka saa tisa ya usiku akipigana na hesabu ngumu. Moja ya barua zake ilikuwa na kurasa 55, na ndani yake alijipima moyo kama kweli anaweza kupenda, mpaka mchumba akakaribia kuvunja mambo yote. Lakini hawakuvunja. Walioana mwezi wa Julai wa mwaka ule. Ndoa ilimpotezea nafasi yake katika koleji, kwa sababu sheria ya wakati ule ilikataza wanachuo wa koleji kuoa. Alirudishwa nyuma yake, sheria ilipogeuzwa. Walizaa watoto watano, na wasichana wawili walikufa wangali wachanga.

Kuna jambo moja katika maisha yake ambalo lilileta mabishano makali katika kamati yetu. Katika miaka ileile ya 1850 Stokes alifahamu mistari myeusi inayoonekana katika mwangaza wa jua inatoka wapi. Ni vitu vilivyoko juu ya jua, kama natriyumu iliyoko katika chumvi, vinavyomeza rangi yake kila kimoja. Alimweleza rafiki yake William Thomson katika maongezi, na Thomson akafundisha wanafunzi wake jambo hilo huko Glasgow. Stokes hakuliandika. Mwaka wa 1859 Kirchhoff wa Ujerumani alilitangaza, akapata sifa ya dunia nzima. Thomson alitaka sana Stokes adai haki yake. Stokes alikataa. Alisema wazi kwamba hakufika mbali kama Kirchhoff, na hataki sehemu yoyote. Wengine wetu wanamsifu kwa hiyo. Wengine, na tuko katika hao, tunaona alifanya vibaya, si kwa ajili ya sifa, lakini kwa sababu kitu kisichoandikwa ni kama kimefichwa. Miaka yote ile watu wengine walikuwa wanatafuta gizani jambo ambalo mtu mmoja wa Cambridge alilijua.

Na sababu moja ya kutoandika ilikuwa kazi za watu wengine. Kuanzia mwaka wa 1854 mpaka 1885, miaka 31, alikuwa karani wa Royal Society, chama kikubwa cha wanachuoni wa London. Alisoma maandiko yaliyoletwa, akasahihisha, akajibu barua kwa maelfu. Wengi walipata jina kwa makosa ambayo yeye aliyaondoa kimya kabla ya kuchapishwa. Mwandiko wake ulikuwa mbaya sana, na katika uzee wake alianza kutumia mashini ya kuandika. Wanafunzi wanaopiga stensili za gazeti hili wanajua ni rehema gani kwa wasomaji. Pia alikuwa anaitwa na Serikali kwa mambo ya madaraja ya reli. Lile daraja kubwa la Tay la Scotland lilipoangushwa na tufani mwaka wa 1879 na treni juu yake, alikuwa katika wale waliowekwa kuchunguza nguvu ya upepo.

Mwaka wa 1864 alifanya mambo mawili ambayo kwetu sisi ni makubwa kuliko daraja. La kwanza ni juu ya damu. Alipitisha mwangaza katika damu iliyochanganywa na maji, akaonyesha kwamba ile rangi nyekundu ya damu ina hali mbili. Ikishika oksijeni inameza rangi fulani, na ikinyimwa oksijeni inameza rangi nyingine, kisha inaweza kurudi tena hali ya kwanza. Kile kibanio kidogo wanachokufunga kidoleni hospitalini, kinachowasha taa nyekundu na kuhesabu oksijeni yako, kinafanya kazi kwa tofauti hiyo. La pili, mwaka uleule alifundisha wanashimi wa London kwamba mwangaza ungefaa kuwa chombo cha kutambulisha vitu vya mwili na vya mimea: mahali ambapo macho yanaona maji mawili yanayofanana, rangi inayomezwa na rangi inayotolewa inaweza kusema hiki ni hiki, na kile ni kile.

Hapo njo tumerudi kwa baba mdogo wa mwenzetu.

Profesa alitueleza hivi. Uvimbe mbaya wa ubongo, ule unaoitwa glioma, si kama jiwe ndani ya matope, ambalo ungelichomoa na kubaki na shimo safi. Ni kama majani mabaya yanayotambaa kati ya maharagwe. Katikati ya shamba unaona wazi, hapa ni majani matupu. Lakini pembeni mizizi imeingia katikati ya maharagwe, na rangi ni ileile, ulaini ni uleule. Kama ingekuwa mguu au tumbo, mpasuaji angekata mbali zaidi kwa usalama. Katika ubongo hawezi. Sentimeta moja ya kuongeza inaweza kuwa ni maneno ya mtu, au mkono wake wa kuume, au macho yake. Basi anasimama pale anapoona mpaka, na ule mpaka unaoonekana siyo mpaka wa kweli. Yule munganga hakuacha uvimbe kwa uvivu, wala hakuna jirani aliyeurudisha. Kilichobaki hakikuonekana.

Stokes hakujaribu kitu hicho hata siku moja. Wengine njo waliochukua jambo lake wakalipeleka kule. Mwaka wa 1871 Adolf von Baeyer wa Ujerumani alitengeneza rangi inayoitwa fluoreseini, inayowaka kijani. Mwaka wa 1948 munganga George Moore, katika chuo kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwatilia wagonjwa wa uvimbe wa ubongo ile rangi katika mshipa, kisha akamulika ubongo kwa taa ya ultravioleti wakati wa kupasua. Mahali pa uvimbe, ambapo mishipa inavuja, paliwaka. Ni lile kopo la kinini, lakini safari hii kopo ni mtu.

Siku hizi kuna njia nyingine. Mgonjwa anakunywa maji yenye dawa moja, karibu saa tatu mbele ya kulazwa usingizi. Jina lake ni refu, wanaliita kwa kifupi 5-ALA. Ni kitu ambacho mwili wenyewe unakitengeneza kila siku katika njia ya kufanya ile rangi nyekundu ya damu, ileile aliyoichunguza Stokes mwaka wa 1864. Katika seli za uvimbe ile njia inakwama karibu na mwisho, kabla chuma hakijaingia, na kitu kimoja kinachoitwa protoporfirini kinarundikana. Mpasuaji anawasha mwangaza wa buluu na urujuani katika mikroskopi yake. Ubongo mzima unabaki buluu, na uvimbe unawaka mwekundu kama makaa. Hapo angalieni kwa nini tofauti ya Stokes ni ya lazima. Mwangaza unaoingia ni buluu, unaotoka ni mwekundu, basi unaweza kuweka kioo kinachozuia wa kwanza na kuacha wa pili upite. Kama rangi zingekuwa moja, usingeona kitu, kama kutafuta taa ya simu mbele ya jua.

Walter Stummer na wenzake wa Ujerumani walipima jambo hilo kwa wagonjwa 322, nusu kwa taa ya kawaida, nusu kwa mwangaza wa buluu, na walitangaza hesabu mwaka wa 2006. Kati ya waliopasuliwa kwa taa ya kawaida, uvimbe unaoonekana katika picha ulitoka wote kwa watu 36 katika mia. Kwa mwangaza wa buluu, watu 65 katika mia. Nyuma ya miezi sita, wale ambao uvimbe wao haukuwa umeanza kukua tena walikuwa 21 katika mia upande mmoja, na 41 upande wa pili. Dawa iliruhusiwa katika Ulaya mwaka wa 2007, na Marekani mwaka wa 2017.

Mwenzetu alisikia hesabu zile, akauliza kama baba yake mdogo angepona. Profesa hakumdanganya. Alisema uvimbe wa aina ile mbaya kabisa unarudi karibu siku zote, hata kwa mwangaza wa buluu. Kinachoongezeka ni miezi, na si kwa kila mtu. Tena kuna gliomas za polepole ambazo hazichukui rangi ya kutosha, jicho la mpasuaji linaona kama hakuna kitu, na hali kitu kiko. Kwa ajili ya hizo njo wachunguzi katika laboratwari mbalimbali, kama wale wa Dartmouth huko Marekani, wanagusisha ubongo kwa uzi mwembamba wa kioo na kuacha mashini ihesabu mwangaza dhaifu ambao jicho haliuoni. Na mikroskopi za namna hiyo ni za bei ambayo hatukuthubutu kuiuliza.

Mwenzetu aliandika maneno yote katika daftari. Wakati wa mapumziko ya Pasaka alikwenda nalo nyumbani, akawasomea wazee. Alituambia kwamba baba yake mkubwa aliomba asome mara ya pili ile sehemu ya majani mabaya na maharagwe. Yale majina ya watu, mpaka leo, hayajatajwa tena mbele yake.

Tumalize na Stokes. Mwaka wa 1885 alifanywa mkubwa wa Royal Society kwa miaka mitano. Kuanzia mwaka wa 1887 mpaka 1892 alikuwa pia mjumbe wa chuo kikuu cha Cambridge katika bunge la Uingereza, ambako alisema mara chache sana. Alipewa cheo cha heshima na malkia mwaka wa 1889. Mwezi wa Juni 1899 wanachuoni kutoka inchi nyingi walikusanyika Cambridge kwa kusherehekea miaka yake hamsini ya ualimu. Mwisho wa mwaka uleule bibi yake Mary akafa. Yeye alikufa tarehe 1 Februari 1903, katika miaka 83, akazikwa palepale Cambridge.

Wale wanaotaka kuona kopo la kinini waje katika chumba cha fizike siku ya posho, nyuma ya kazi za mikono. Taa tumeazima mara ya pili, inarudishwa jioni. Leteni ndimu. Chumvi, hapana.

Mkuu wa wanafunzi, kwa jina la kamati ya mwaka wa sita